Vigogo wa Meno: Mabingwa wa Dinosaria Wala Nyama

Simba dume kwa hawa ni kitafunwa. Twende kwenye vipimo.

1. Mrefu kuliko wote: Spinosaurus wa Afrika Kaskazini
Mita 14 hivi! Mlaze kando ya basi kubwa la mikoani, lenye mita 12, mkia utapitiliza. Mgongoni alibeba tanga la miiba ya mfupa, na mwiba mrefu zaidi ulipimwa mita 1.65, kimo cha mtu mzima. Mifupa yake ya kwanza ilifukuliwa mwaka 1912 Bahariya, jangwani Misri, na Ernst Stromer akampa jina mwaka 1915. Kisha, usiku mmoja wa Aprili 1944, mabomu ya Uingereza yakaangukia makumbusho ya Munich na mifupa yote ikateketea. Ilichukua miaka 70 kumrudisha ulingoni: mwaka 2014 Nizar Ibrahim na wenzake walitangaza mifupa mipya kutoka Moroko, na mwaka 2020 wakauonyesha mkia, mpana kama kasia, wa mnyama aliyeyajua maji. Kwangu mkanda wa ubingwa ni wake, na ni Mwafrika!

2. Mzito kuliko wote: Scotty wa Kanada
Ni Tyrannosaurus rex aliyegunduliwa Saskatchewan mwaka 1991. Makadirio ya mwaka 2019 yalimpa kilo 8,870. Hesabu mifuko ya saruji ya kilo 50: inafika 177. Ndovu dume wa tani 6 ameachwa mbali.

3. Jino la kutisha: Tyrannosaurus tena
Pamoja na mzizi wake, sentimita 30. Toa rula ya shule uitazame yote, mwanzo hadi mwisho.

4. Ghali: Stan wa Marekani
Tyrannosaurus huyu aliuzwa dola milioni 31.8 mnadani mwaka 2020. Sue, Tyrannosaurus mwenzake mwenye mita 12.3, aliuzwa mwaka 1997 kwa dola milioni 8.36. Stan amempita karibu mara nne.

5. Mkongwe wa ukoo: Veterupristisaurus wa Lindi
Giganotosaurus wa Argentina ana zaidi ya mita 12, lakini ndugu yake huyu wa Tendaguru, Lindi, alimtangulia duniani kwa miaka milioni 50 hivi! Wajerumani walichimba huko kati ya mwaka 1909 na 1913. Tunamjua kwa pingili chache za mkia, na zilikaa Berlin karibu karne nzima hadi zikapewa jina mwaka 2011.