Kuutunza Mmea Utambaao Ofisini

Mmea utambaao wenye majani ya kijani na mabaka ya manjano, ambao wataalamu huuita Epipremnum aureum, asili yake ni kisiwa cha Moorea, Bahari ya Pasifiki. Makatibu wanaoupamba ofisini hawana budi kuuweka karibu na dirisha, mbali na jua kali. Gizani mabaka hufifia. Utiwe maji pindi udongo wa juu ukaukapo, na chungu kitobolewe chini, kwani mizizi ikizama majini huoza. Atakaye kuuzidisha akate kipande chenye kifundo na mabaka, akitie majini hadi kiote mizizi. Zaidi ya yote, majani yakitafunwa huwasha na kuvimbisha kinywa. Basi usiwekwe wafikapo watoto au mifugo.