Selimundu Kasese: Kwa nini jamaa husita kupimwa

Mtoto anapothibitishwa kuwa na ugonjwa wa selimundu, ambao wengi nchini Uganda huuita sikoseli, shughuli ya kupima damu haiishii kwake. Wazazi na ndugu zake nao huombwa wapimwe. Hapo mgonjwa, au mama yake, hugeuka mjumbe wa habari ambayo jamaa hawakuiomba.

Magharibi mwa Uganda ugonjwa huu si mgeni. Mwaka 1949, watafiti Lehmann na Raper waliripoti kwamba miongoni mwa Waamba, wanaoishi upande wa pili wa milima ya Rwenzori ukitokea Kasese, watu wapatao 45 katika kila 100 walibeba chembe ya urithi ya selimundu. Chanzo cha wingi huo ni malaria: anayeirithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu hukingwa dhidi ya malaria kali, na kwa kawaida huishi bila kuugua. Uchunguzi wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta chembe hiyo kwa asilimia 13.3 ya watoto waliopimwa.

Baba na mama wakiwa wabebaji wote wawili, kila mimba ina uwezekano wa robo kuleta mtoto mgonjwa. Ni kila mimba. Wapo wanaodhani kwamba akishaugua mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika, sivyo.

Wakonzo huwapa watoto majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa: mwana wa kwanza Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka. Kwa hiyo nyumba yenye Masereka peke yake husimulia msiba bila mtu kuuliza. Vifo vya namna hiyo vimewahi kuhesabiwa kuwa uchawi, au mkosi wa mama. Kwa mama aliyebeba lawama miaka mingi, majibu ya damu yanaweza kuwa faraja, maana yanaonyesha kwamba ugonjwa ulitoka pande zote mbili.

Lakini faraja ya mmoja ni hofu ya mwingine. Baba huenda akakataa kupimwa asije akaambiwa kwamba ukoo wake una kasoro. Dada asiyeolewa huhofia posa kuvunjika. Lipo pia jambo linalosemwa kwa sauti ya chini: majibu ya baba yasipolingana na ya mtoto, huzuka swali la nani aliyemzaa. Hofu hiyo si upuuzi, na mshauri anayeipuuza hatarajii kumwona baba huyo tena.

Huko Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, ukoo wenyewe umevuka mpaka. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni watu wa nasaba moja, na shangazi anayepaswa kuarifiwa huenda anaishi Kasindi au Beni. Ujumbe mzito kama huo haufai kutumwa kwa simu tu.

Kupimwa mapema kuna tija. Mtoto mgonjwa hupewa penisilini, kinga ya malaria, chanjo, na dawa ya haidroksiyurea, ambayo utafiti uliofanyika Kampala na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba haikuongeza malaria kwa watoto. Kwa wazazi, ni afadhali wapimwe siku moja na wasikilize majibu wakiwa pamoja, ili asiwepo wa kurudi nyumbani akiwa amebeba peke yake neno la kumweleza mwenzake.