Kukonda kwa Pupa na Vijiwe vya Nyongo

Mwaka huu sikuleta shairi wala hadithi. Nataka niwaeleze jambo lililotupata nyumbani, maana naona baadhi ya wasichana hapa shuleni siku hizi wanaikimbia githeri ya saa saba eti wanapunguza mwili.

Shangazi yangu, ambaye ninaishi kwake, alikuwa ameposwa. Rinda la harusi alilolipenda likawa dogo. Basi akaanza: asubuhi maji ya ndimu, mchana strungi bila sukari, jioni kabeji ya kuchemshwa. Mafuta hata tone hakutaka kuyaona. Kwa wiki saba alipungua kilo 15. Majirani walimsifu, nami nilimsifu, sikatai.

Usiku mmoja, baada ya kula pilau kwa wakwe, maumivu yalimshika chini ya mbavu za kulia yakapanda hadi begani. Tukadhani ni vidonda vya tumbo, tukampa maziwa. Wapi! Hospitalini alipigwa picha kwa mawimbi ya sauti, ile wanayopigwa kina mama waja wazito, na daktari akaviona vijiwe ndani ya kifuko cha nyongo.

Nilimwuliza, "Daktari, mtu aliyeacha mafuta anapataje ugonjwa kama huu?" Akachukua karatasi akanichorea.

Ini hutengeneza nyongo, ile ile ambayo ukiipasua unapomchinja kuku nyama yote huwa chungu. Nyongo hungoja katika kifuko chini ya ini. Tukila chakula chenye mafuta, kifuko hujikamua na kuimimina utumboni. Sasa, mtu akikonda mbio mbio, mwili huyayeyusha mafuta yake wenyewe, na ini humwaga kolesteroli nyingi zaidi katika nyongo. Wakati huo huo kifuko kimekaa bure, kwa kuwa hakuna mlo wa kukifanya kijikamue. Nyongo hulala humo, huwa nzito, na kolesteroli huganda chembe chembe mpaka ikawa vijiwe. Wengi walio navyo hawasikii lolote, hadi siku kijiwe kimoja kizibe njia.

Hatari huongezeka mtu akipungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki. Nusu kilo hadi kilo moja yatosha. Wanawake hupatwa zaidi ya wanaume, na vile vile mtu ambaye jamaa zake waliugua. Anayetaka kupungua asiruke milo, na katika chakula chake awe na mafuta kidogo: kipande cha avokado, au kijiko cha mafuta katika sukuma wiki. Maharagwe na kutembea kwa miguu pia husaidia (sisi wa shule ya kutwa kutembea si tatizo!). Dawa ya kuzuia vijiwe ipo, lakini hutolewa na daktari kwa wale wanaopungua kwa kasi chini ya uangalizi wake. Na maumivu hayo yakiandamana na homa au macho kuwa ya manjano, ni hospitali siku hiyo hiyo, si maziwa kama tulivyofanya sisi.

Shangazi alipasuliwa, kifuko chote kikatolewa. Mtu huishi vizuri bila hicho kifuko. Nyongo hutiririka moja kwa moja kutoka kwenye ini. Harusi ilisogezwa miezi miwili mbele, na fundi akaongeza kitambaa ubavuni mwa rinda.