Fedha za Umma Zilipofika Holland, Michigan

Nikisikia serikali imetenga mabilioni, swali langu ni moja: zimetua wapi, na nani kapata kazi? Ndiyo maana nimekifuatilia kisa cha mji wa Holland, jimbo la Michigan, Marekani.

Mwaka 2009 viwanda vya magari vya Michigan vilikuwa taabani, na ukosefu wa ajira jimboni ulipita asilimia 14. Februari mwaka huo Rais Barack Obama alitia saini sheria ya kufufua uchumi, iliyotoa dola bilioni 2.4 kwa ajili ya betri na magari ya umeme. Kampuni ya LG Chem ya Korea Kusini ikapata ruzuku ya dola milioni 151, karibu nusu ya gharama ya kiwanda chake cha Holland. Nusu nyingine iliitoa yenyewe, na hilo naliunga mkono kabisa: anayepewa fedha za wananchi naye aguse mfuko wake.

Kiwanda kilijengwa, lakini magari ya umeme hayakununuliwa kama ilivyotarajiwa. Februari 2013 mkaguzi wa Wizara ya Nishati alieleza kuwa wafanyakazi walilipwa huku wakicheza karata na kutazama filamu. Kampuni ikarejesha zaidi ya dola 800,000. Walipakodi walikasirika, na walikuwa na haki. Ruzuku ilikuwa imenunua mitambo, lakini wateja hawakuwapo.

Hata hivyo, kiwanda hakikufungwa. Betri zilianza kutengenezwa mwaka huohuo, na mwaka 2022 kampuni tanzu, LG Energy Solution, ilitangaza kuwekeza dola bilioni 1.7 zaidi hapohapo Holland.