Swali Lisiloulizwa: Afya ya Kujamiiana, Ubora wa Maisha na Lugha ya Hojaji kwa Wagonjwa wa Saratani ya Mapafu

Ikisiri
Makala haya yanafafanua namna saratani ya mapafu na tiba yake zinavyoathiri maisha ya faragha ya mgonjwa, na kwa nini athari hizo hazionekani katika vipimo vya ubora wa maisha. Inahojiwa kwamba Kiswahili kina maneno ya kumwuliza mgonjwa kwa staha, ila uteuzi wake usipofanywa kwa uangalifu huwaacha nje baadhi ya wagonjwa.

1.0 Utangulizi
Kwa makadirio ya mwaka 2022, saratani ya mapafu iligunduliwa kwa watu wapatao milioni 2.5 duniani na kusababisha vifo takribani milioni 1.8. Uzito wa takwimu hizo umefanya mazungumzo ya kliniki yaelemee urefu wa maisha. Namna maisha yenyewe yanavyoishiwa, hasa baina ya mgonjwa na mwenzi wake, hubaki pembeni.

2.0 Ugonjwa unavyoingia faraghani
Kujamiiana huhitaji pumzi, nguvu na utulivu wa moyo. Saratani ya mapafu hushambulia yote matatu. Uvimbe unapoziba njia ya hewa, au maji yanapojaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, jitihada ndogo humwacha mgonjwa akihema. Kikohozi, hasa cha damu, humtia hofu yeye na mwenziwe. Tiba ya kemikali huleta uchovu, kichefuchefu, vidonda vya kinywa na ganzi ya vidole. Kwa wanawake inaweza kuharakisha ukomo wa hedhi na kusababisha ukavu ukeni. Mofini ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kushusha homoni na hamu. Kwa mwanamume aliyevuta sigara miaka mingi, huenda mishipa ya damu ilikwisha kudhoofika na kusimika kukawa kugumu. Juu ya hayo kuna sonona, kukonda, na lawama kwamba mgonjwa amejiletea maradhi, lawama inayomwangukia hata asiyewahi kuvuta. Mwenzi huhama kitanda kwa huruma. Mgonjwa huisoma huruma hiyo kuwa karaha.

3.0 Kipimo kisichouliza
Hojaji ya QLQ-C30 ya shirika la EORTC la Ulaya, iliyochapishwa mwaka 1993, ina maswali 30. Nyongeza yake ya saratani ya mapafu, QLQ-LC13 ya mwaka 1994, ina maswali 13. Hakuna hata moja kati ya hayo 43 linalogusa kujamiiana. Hojaji ya FACT-G ya Marekani ina kauli moja kuhusu kuridhika na maisha ya kujamiiana, na humruhusu asiyependa kuijibu aiache. Ruhusa hiyo ni ya heshima. Hata hivyo, iwapo ni muulizaji anayeona haya na kuiruka, pengo linalobaki huweza kusomwa kana kwamba mgonjwa hana shida.

4.0 Tatizo la istilahi
Tafsiri ya hojaji haiwezi kuziba pengo hilo bila kuchagua maneno. "Afya ya uzazi" humwondoa mgonjwa aliyepita umri wa kuzaa kabla hajaulizwa. "Jinsia" siku hizi humpeleka msikilizaji kwenye usawa wa wanawake na wanaume. "Tendo la ndoa" ni tafsida yenye staha, bali humtenga mjane, mtalaka na asiyeoa. "Unyumba" hubeba maana ya haki na wajibu. Mwanamke anaweza kujibu kwamba anautimiza bila kusema lolote kuhusu maumivu au hamu. "Kujamiiana" ni neno wazi, ila huweza kumshtua mzee likitangulizwa bila utaratibu.

Inapendekezwa kuanza na ombi: "Mzee, naomba ruhusa nikuulize jambo la faragha." Kisha swali pana: "Tangu uanze kuugua, ukaribu wako na mwenzi wako umebadilikaje?" Neno la wazi lifuate baadaye. Maneno haya hayana budi kujaribiwa Kampala, Bukavu na Bujumbura, ambako kwa wasemaji wengi Kiswahili ni lugha ya pili, kabla ya kuingizwa katika hojaji.

5.0 Kutoka swali hadi msaada
Modeli ya PLISSIT ya Jack Annon (1976) ina ngazi nne: ruhusa ya kuzungumza, taarifa chache, mapendekezo mahususi na tiba ya kina. Ngazi tatu za mwanzo ziko ndani ya uwezo wa muuguzi aliyefunzwa. Taarifa: saratani haiambukizwi kwa kujamiiana. Mapendekezo: kuchagua saa ambayo mgonjwa ana nguvu na maumivu yametulizwa, kuinua kifua kwa mito, kutumia kilainishi cha maji, na kutambua kwamba kukumbatiana nako ni ukaribu kamili. Anayekohoa damu apelekwe kwa daktari.

Uganda iliruhusu mwaka 2004 wauguzi wenye mafunzo maalumu ya tiba shufaa kuwaandikia wagonjwa mofini. Muuguzi aliyeaminiwa kwa dawa hiyo anaweza kuaminiwa kwa swali hili.

6.0 Hitimisho
Sera za saratani katika ukanda huu ziongeze swali la ukaribu katika hojaji za Kiswahili, zifunze wauguzi kuliuliza, na ziwahusishe wataalamu wa lugha tangu mwanzo. Staha inayomlinda mgonjwa ni stahiki yake. Ile inayomnyima msaada haimfai.