Kinga ya trial: kabla ya kuruka ukuta, angalia ekseli ya pedali

Mchezaji amesimama na kinga yake juu ya ukuta wa mita moja. Kinga hiyo haina kiti, sababu katika mchezo huu hakuna anayekaa. Anashika breki, anajikusanya, anaruka. Gurudumu la nyuma linafika chini kwanza, la mbele linafuata, na uzito wote wa mwili unaangukia kwenye pedali mbili. Kati ya pedali hizo kuna fimbo fupi ya chuma ambayo haionekani kwa macho. Ikivunjika wakati huo, breki haimsaidii tena. Anakwenda chini na meno.

Fimbo hiyo, pamoja na beringi zinazoishikilia, ndiyo mafundi wetu wanaita kwa Kifaransa boîtier de pédalier. Hapa tutasema tu ekseli ya pedali. Ni kitu kidogo kuliko ngumi mbili za mtu mzima, lakini kwa mchezaji wa trial ni kati ya vitu vinavyokula makuta mara kwa mara. Basi ipi inunuliwe, yenye bei ya chini na yenye kudumu?

Mchezo wa mawe na kuta

Trial ni kupita na kinga juu ya mawe, magogo na kuta bila kuweka mguu chini. Ulikomaa huko Katalonia, nchini Hispania, ukitokea kwa trial ya pikipiki. Shirikisho la kimataifa la mchezo wa kinga, UCI, linaandaa mashindano ya dunia ya trial tangu miaka ya 1980. Mwaka wa 2009, video moja ya Danny MacAskill, kijana wa Scotland aliyekuwa fundi wa kinga mjini Edinburgh, ilizunguka dunia nzima kwa intaneti. Kwetu vijana wengi wanaujua mchezo huu kupitia simu. Lakini muji kama Goma, wenye mawe ya lava ya Nyiragongo ya 2002 na 2021, hauwezi kukosa mahali pa kujaribia.

Ekseli inakamuliwa kama nguo

Tupige hesabu kidogo. Mtu wa kilo 70 akisimama kwa pedali moja, anaisukuma chini kwa nguvu ya karibu niutoni 700. Mkono wa pedali ukiwa na urefu wa milimita 170, ekseli inazungushwa kwa nguvu ya karibu niutoni-mita 119. Na huko ni kusimama tu. Ukishuka kutoka ukutani, nguvu hiyo inaongezeka mara kadhaa. Zaidi ya hapo, mguu mmoja uko mbele na mwingine nyuma: mmoja unazungusha ekseli upande huu, mwingine upande ule. Katikati, ekseli inakamuliwa kama nguo iliyolowa.

Aina nne

Ya kwanza ni ekseli yenye ncha za pembe nne. Ndiyo ya bei ya chini zaidi. Huko Ulaya, ile iliyofungwa kabisa ya Shimano hupatikana mara nyingi kwa dola 15 hadi 25. Ndani yake gololi zina nafasi ya kutosha, na kwa kinga ya kawaida inaweza kumaliza miaka. Shida yake kwa trial ni ncha. Tundu la pembe nne la mkono wa aluminiamu linapanuka kidogo kidogo, mkono unaanza kucheza, na kwa mtu anayeruka sana, ekseli inaweza kukatika karibu na ncha.

Ya pili inaitwa ISIS. Ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1990. Ekseli yake ina unene wa milimita 21 na meno 10 kila upande, kwa hiyo inashika mkono wa pedali vizuri na si rahisi kukatika. Lakini bomba la fremu halikuongezwa: ni lile lile la karibu milimita 35. Ekseli ikinenepa, nafasi ya gololi inapungua. Gololi ndogo huchoka haraka. Ndiyo sababu wapanda milima wengi waliiacha. Watu wa trial walibaki nayo, na mikono mingi ya trial, ile yenye kubeba roue libre mbele, ilitengenezwa kwa ISIS.

Ya tatu ni ile yenye beringi nje ya fremu, kama Hollowtech II ya Shimano, yenye ekseli ya milimita 24. Ni ngumu na nyepesi, lakini lazima uwe na mikono yake yenyewe.

Ya nne inatoka kwa kinga za BMX. Beringi kubwa zinasukumwa ndani ya fremu bila uzi wowote. Kwa nguvu na kudumu, ni nzuri sana. Lakini fremu lazima iwe imetengenezwa kwa ajili yake. Kama fremu yako ina uzi, sahau.

Nini kiharibike kwanza?

Duka litakuambia habari ya uzito na rangi. Jiulize swali lingine: kama kitu lazima kiharibike, ningependa kiwe kipi?

Beringi inalia kabla ya kufa. Inaguguna, inalegea, mkono unatikisika. Inakupa siku, hata majuma, ya kutafuta makuta. Ekseli haipigi hodi. Inakatika mara moja, wewe ukiwa hewani.

Kwa hiyo weka feza kwenye ekseli, si kwenye beringi. Chukua ekseli ya chuma kizito. Zile za titani, ao zilizotobolewa ndani ili ziwe nyepesi, waachie wale wanaohesabu gramu. Kisha chagua aina ambayo beringi zake zinabadilishwa peke yake. Kinga nzito za mizigo za kwetu zinatufundisha jambo hilo: gololi zikiisha, fundi anafungua, anaweka mpya, anapaka grisi, na ekseli inaendelea na kazi.

Kwa anayeanza, mwenye kuruka vizuizi vya chini, ekseli ya pembe nne inatosha, mradi aitazame kila juma. Kwa anayeshuka kutoka kuta, ISIS ya chuma ndiyo njia ya kati: itakula beringi, lakini beringi ni gharama ndogo kuliko jino. Na ekseli ya okazi, usinunue. Hakuna anayejua imeangushwa mara ngapi, na ufa wa ndani hauonekani.

Kufunga ni nusu ya maisha yake

Kabla ya kununua, pima upana wa bomba la fremu: mara nyingi ni milimita 68 ao 73. Soma pia urefu wa ekseli ya zamani, kwa mfano 113, 118 ao 128. Ukikosea, mnyororo utakwenda upande ao mkono utagusa fremu.

Wakati wa kufunga, kumbuka kwamba kwenye uzi wa Kiingereza, ambao ndio wa kawaida, upande wa mnyororo unakazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Fremu nyingi zimeharibika sababu ya kusahau hilo. Safisha uzi, paka grisi, anza kwa mkono bila ufunguo. Bolti za mikono zinahitaji niutoni-mita 35 hadi 50, kadiri mtengenezaji alivyoandika. Baada ya mazoezi ya kwanza, rudia kuzikaza. Mkono uliolegea hata siku moja unakula meno ya ekseli, na hayo hayarudi.

Mwisho, kuna kipimo ambacho hakigharimu hata franka moja. Kila juma, shika mikono miwili ya pedali, itikise kushoto na kulia. Ikicheza yote pamoja, beringi zimechoka. Ukicheza mmoja tu, bolti imelegea. Ukisikia mlio mkavu kila unaposimama juu ya pedali, shuka, fungua, angalia ekseli. Ukuta hautahama. Utaukuta pale pale kesho.