Je, Wajua? Mwanamke wa Mvua, Stelingi Aliyekufa Mapema na Watazamaji Wasioridhika

Je, wajua kwamba mmoja wa wanawake maarufu katika X-Men, kundi la mashujaa wa katuni, anahusishwa na nyika ya hapa hapa Serengeti? Anaitwa Storm. Walimbuni Wamarekani wawili, mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum, na alitokea mara ya kwanza kwenye kitabu cha katuni mwaka 1975. Baba ni mpiga picha Mmarekani, mama ni binti wa kifalme kutoka Kenya. Alipofiwa na wazazi jijini Cairo aliishi kwa kuchomoa watu mifukoni, kisha akashika njia ya kusini kwa miguu mpaka Serengeti, na huko watu wakamwona akiita mvua wakamfanya mungu wao. Ukizisoma katuni zenyewe haraka haraka utadhani Serengeti yote iko Kenya. Mtu wa hapa kwetu Issenye husonya kidogo hapo, halafu anaendelea kutazama.

Na wajua kwamba majirani zetu Waikizu wana mwanamke wa mvua wa kwao, ambaye hakusubiri kuchorwa na mtu? Simulizi zao zinamtaja Nyakinywa, aliyetoka Kanadi upande wa Usukumani akiwa na elimu ya kuleta mvua, na mwindaji Isamongo, aliyekuwa na moto. Wakapimana nguvu. Mvua ikashinda moto, na utemi wa Ikizu ukajengwa juu ya mvua hiyo. Kila ukoo una namna yake ya kuisimulia, lakini zingatia hili: mtemi wa mvua hakuachiwa afanye atakavyo. Mvua ikigoma, mlango unaogongwa ni wake. Nguvu ilikuja na deni.

Ninaitaja habari hiyo mapema kwa sababu malalamiko mengi ya watazamaji wa tamthilia za watu wenye nguvu za ajabu, ukiyachambua, yanaishia kwenye deni hilo hilo.

Chukua Heroes. Je, wajua ilianza kurushwa na kituo cha NBC cha Marekani tarehe 25 Septemba 2006, na usiku huo wa kwanza ikatazamwa na watu zaidi ya milioni 14? Hadithi yenyewe ni nyepesi kuieleza: watu wa kawaida, mmoja karani Tokyo, mmoja binti wa shule Texas, mwingine askari polisi Los Angeles, wanaamka na kugundua kwamba wanaweza kusimamisha saa, kupona majeraha papo hapo, kusikia mawazo ya wenzao. Karani wa Tokyo, Hiro, alipendwa mno. Masi Oka aliyemwigiza alikuwa pia mtaalamu wa kompyuta katika kampuni ya Industrial Light & Magic, wale wanaotengeneza maajabu ya kwenye skrini. Yaani mtengeneza miujiza akapewa muujiza wake.

Sizoni ya kwanza ilipofungwa Mei 2007, watu walikuwa wamesubiri vipindi 23 kuona pambano la Peter, mmoja wa mashujaa hao, na muuaji Sylar. Likaisha kabla hujamaliza kumeza mate. Hapo ndipo lawama zilipoanza.

Sizoni ya pili ikawa balaa. Hiro alipotelea Japani ya kale, vipindi vikapita yuko huko huko. Wakaingizwa wahusika wapya ambao hakuna aliyewaomba. Wajua kilichofuata? Novemba 2007 mwanzilishi wa tamthilia hiyo, Tim Kring, alijitokeza kwenye jarida la Entertainment Weekly na kukiri kwamba watazamaji walikuwa na haki: mwendo ulikuwa wa kinyonga, na safari ya Hiro ilirefushwa kupita kiasi. Mwezi huo huo waandishi wa filamu wa Marekani waligoma, sizoni ikakatwa na kubaki vipindi 11. Ni nadra mwenye tamthilia kuwaomba radhi watazamaji wake wakati bado inarushwa. Wenzetu wanaotoa tamthilia za hapa nyumbani wangeiga hata robo yake tungeshukuru.

Lakini kosa kubwa, kwa maoni yangu, Kring hakulitaja siku ile. Peter alikuwa anabeba nguvu ya kila mtu aliyekutana naye. Hiro alikuwa anasimamisha saa na kurudi jana. Ukishakuwa na watu wa namna hiyo, adui gani atakusumbua? Waandishi walilazimika kuwanyang'anya nguvu ili hadithi isonge. Walizigawa bure, wakazidai baadaye. Vipindi vilipofika 78, Februari 2010, tamthilia ikafungwa. Ilifufuliwa mwaka 2015 kwa jina la Heroes Reborn, vipindi 13 tu, ikalala tena.

Je, wajua kwamba katika tamthilia hiyo kulikuwa na mwigizaji mwenye asili ya Afrika Mashariki? Sizoni ya tatu, mwaka 2008, yule askari wa Los Angeles anajikuta ametupwa jangwani Botswana, na anayempokea ni Usutu, mzee kijana anayechora mambo yajayo kwenye miamba. Aliyemwigiza ni Ntare Guma Mbaho Mwine, Mmarekani mwenye asili ya Uganda. Alicheza vizuri kuliko alichoandikiwa. Usutu anampa mgeni ushauri, anampa kobe wa kumwongoza, halafu anakatwa kichwa. Mke hatukumjua, ndugu hatukuwajua, kwao hatukupaona. Mwafrika wa kumwelekeza Mmarekani njia na kisha kufa: watazamaji wengi weusi walishaichoka picha hiyo zamani.

Kama ulidhani hilo ni la tamthilia moja, subiri. Edi Gathegi alizaliwa Nairobi mwaka 1979 na kukulia California. Mwaka 2011, katika filamu ya X-Men: First Class, alipewa kucheza Darwin. Nguvu ya Darwin ni ipi? Mwili wake hubadilika ili asife. Ukimzamisha majini, anaota mashavu ya samaki. Sasa nadhani nani alikufa kwanza katika kundi lile la vijana. Yeye! Mtu ambaye kazi yake pekee ni kutokufa. Watazamaji walipiga kelele, na Gathegi mwenyewe amesema hadharani kwamba halikumfurahisha. Julai 2025 akarudi kama Mister Terrific katika filamu ya Superman, na mambo yakageuka. Kuna mahali ufukweni anasimama katikati ya kundi la askari, mipira yake midogo ya chuma inaruka huku na huko ikiwaangusha mmoja mmoja, uso wake umetulia kama wa mhasibu. Wengi walitoka ukumbini wakimzungumzia yeye.

Kampala nayo ina mwigizaji wake. Florence Kasumba alizaliwa huko mwaka 1976, akakulia Essen, Ujerumani. Ndiye Ayo, askari wa Wakanda, ile nchi ya kubuni ya Afrika. Katika tamthilia ya The Falcon and the Winter Soldier ya mwaka 2021, Bucky, mwanajeshi mwenye mkono wa chuma, anataka kuleta ubishi. Ayo anabonyeza hapa na pale kwenye mkono ule, unachomoka na kuanguka chini. Ni sekunde chache tu. Bucky anabaki ameduwaa. Wakanda ndio waliompa mkono, na wanajua pia jinsi ya kuuchukua, na watazamaji walilipenda hilo kuliko mabomu yote ya tamthilia nzima.

Haya, turudi nyumbani, kwenye mabenchi yetu ya kutazamia.

Wajua kwamba Tanzania Bara ilianza kuwa na vituo vya televisheni mwaka 1994 tu, miaka ishirini hivi baada ya Zanzibar? Kwa hiyo wengi walikutana na mashujaa wenye nguvu kwenye kibanda umiza, kwa kanda ya video, si kwenye kituo cha taifa. Na mbele ya kibanda alikuwapo mfasiri. Dar es Salaam jina kubwa lilikuwa Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, aliyeziweka filamu za kigeni kwenye Kiswahili kwa sauti yake moja: stelingi ni yeye, adui ni yeye, mama mkwe ni yeye. Kenya wana DJ Afro. Mfasiri mzuri hatafsiri tu, anatoa hukumu. Stelingi akifanya upuuzi, anamwambia pale pale, na kibanda kizima kinaunga mkono. Maoni ya watazamaji yalikuwa yakiingia ndani ya filamu yenyewe kabla haijaisha.

Filamu ya Kenya Supa Modo, ya Likarion Wainaina, inalijua jambo hilo vizuri. Ilioneshwa Berlin mwaka 2018, na Kenya ikaipeleka kuwania Oscar. Jo ana miaka tisa, anaumwa ugonjwa usiopona, na ndoto yake ni kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Dada yake anamwaminisha kwamba nguvu anazo. Kijiji kizima cha Maweni kinashirikiana kuigiza kwamba zinafanya kazi, akiwemo kijana anayetangaza filamu kwenye kibanda cha pale. Hakuna hata muujiza mmoja wa kweli ndani yake, na bado sijaona hadithi ya nguvu za ajabu inayoishinda.

Kwa upesi: Kizazi Moto, mkusanyiko wa katuni fupi 10 kutoka nchi sita za Afrika, ulitoka Disney+ Julai 2023. Ndani yake kuna Herderboy ya Mganda Raymond Malinga, yenye wachungaji wa ng'ombe ambao miili yao nusu ni mashine. Mwezi huo huo Netflix ilitoa Supa Team 4, wasichana wanne wanaoilinda Lusaka ya kesho, iliyobuniwa na Mzambia Malenga Mulendema. Mmoja wa waandishi wake ni Mkenya Voline Ogutu. Kwa mtoto wa Issenye anayeshinda machungani, mchungaji mwenye mkono wa chuma ana maana kubwa kuliko tajiri wa Marekani mwenye kofia ya popo.

Nyakinywa hana tamthilia bado. Kama nyumbani kwako yupo bibi au babu anayeijua habari ya mvua na moto, mkalishe jioni moja, washa simu umrekodi, na mwulize hasa ilikuwaje mvua ilipogoma.